Nyuso tatu za Humbert de Superville

Chukua penseli uchore mayai matatu yaliyosimama, kila moja likiwa na mstari wa wima unaolipasua katikati. Katika yai la kwanza, tia macho, pua na mdomo kwa vistari vinavyoanzia karibu na mstari huo wa kati na kupanda kuelekea pembeni. Katika la pili, vistari vilale sawa. Katika la tatu, viteremke. Hujachora kope wala meno, hujatia nywele wala kivuli, lakini tayari una watu watatu wenye hali tatu, na mtoto wa chekechea atakuambia ni nani kati yao amenuna.

Nyuso za namna hiyo zilichapwa mjini Leiden, Uholanzi, katika kitabu cha Kifaransa kilichotoka kwa sehemu kati ya 1827 na 1832. Kinaitwa *Essai sur les signes inconditionnels dans l'art*, yaani insha juu ya alama zisizo na masharti katika sanaa. Mwandishi ni David Pierre Giottino Humbert de Superville, mchoraji na mchapaji wa picha aliyezaliwa The Hague mwaka 1770 na kufariki Leiden mwaka 1849. Jina lake halimo vinywani mwa wengi, hata huko kwao. Nyuso zake ndizo zilizosafiri, na kila zilipofika ziliwekewa maneno ambayo mwenyewe hakuyasema. Mtu anayesema leo kwamba "kwa Humbert, mstari unaopanda ni furaha na unaoshuka ni huzuni" anawachanganya watu watatu: Humbert, mwandishi Charles Blanc wa Paris, na mchoraji Georges Seurat. Kuwatenganisha kunawezekana, ila inabidi kuanzia kwenye kazi ya mkono, kwa sababu Humbert alinakili michoro ya ukutani kwa miaka mingi kabla hajaandika nadharia yoyote.

Giotto mdogo

Baba yake, Jean Humbert, alikuwa mchoraji. Mdogo wake, Jean Emile, alikuwa mhandisi wa jeshi. Alikwenda Tunis mwaka 1796 kwa kazi za bandari, na mwaka 1817 akafukua mawe ya Kipuniki yaliyosaidia kujua hasa mji wa kale wa Carthage ulikuwa wapi. Sehemu ya alivyokusanya iko katika makumbusho ya mambo ya kale ya Leiden mpaka leo. Huyo ana habari ndefu ya peke yake.

David alikwenda Italia mwaka 1789, akakaa huko takriban miaka kumi na moja. Kijana aliyekwenda Roma zama hizo alikuwa na njia iliyokwisha kukanyagwa: anakili sanamu za kale, anakili Raphael, anakili Michelangelo, kisha anarudi nyumbani kufundisha. Kazi za karne ya 13 na 14, yaani za mchoraji Giotto wa Firenze na wa kabla na baada yake, zilihesabiwa kuwa za watu waliokuwa hawajajua kuchora. Miili yake imesimama kama nguzo, nguo zake nzito, nyuso zake zinakutazama bila haya. Humbert alizifuata hizo hizo: Assisi, Orvieto, Firenze, na Camposanto ya Pisa, yale makaburi yenye kuta zilizojaa michoro. Wenzake wakampa jina la utani, Giottino, Giotto mdogo. Wengine wangelikasirikia, yeye alilivaa, likawa sehemu ya jina lake rasmi.

Sehemu ya michoro hiyo aliifanya kwa ajili ya Mwingereza William Young Ottley, mkusanyaji wa picha ambaye baadaye alikuja kuwa mtunzaji wa picha zilizochapwa katika British Museum. Mwaka 1826 Ottley alitoa kitabu kikubwa cha picha kutokana na kazi za mabingwa wa mwanzo wa Firenze, na michoro ya Humbert ilitumika humo. Humbert mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka Italia zamani. Aliingia katika upande wa Jamhuri ya Roma iliyotangazwa mwaka 1798, akafungwa ilipoanguka, akapitia Paris, kisha akarudi Uholanzi kufundisha uchoraji na lugha. Kuanzia mwaka 1825 aliongoza hifadhi ya picha zilizochapwa na sanamu za plasta ya Chuo Kikuu cha Leiden.

Nakala zake zina thamani ya pili ambayo yeye asingeweza kuiwazia. Tarehe 27 Julai 1944, katika vita vilivyokuwa vikipigwa Pisa, moto uliwaka juu ya Camposanto. Paa lilikuwa la mbao lililofunikwa kwa mabamba ya madini ya risasi. Risasi ikayeyuka na kumiminika juu ya kuta. Kilichokuwa kimefifia kwa karne kadhaa kikaungua kwa muda mfupi. Mchoro wa mstari mtupu uliofanywa miaka ya 1790 unaweza basi kuwa shahidi wa mahali mkono ulipokuwa umeinuliwa au kichwa kilipokuwa kimegeukia.

Ni shahidi wa kuhojiwa, hata hivyo. Michoro ya ukutani hunakiliwa kwa njia mbili kuu. Pale ukuta unapofikika, karatasi iliyopakwa mafuta ili ipitishe mwanga hubandikwa juu yake na mstari ukafuatwa moja kwa moja. Pale usipofikika, mnakili husimama mbali, hugawa picha kwa miraba kichwani au kwa uzi, na kuchora kwa jicho. Njia ya kwanza hutoa vipimo sahihi lakini mstari uliokufa, kwa sababu mkono unatambaa ukifuata kitu usichokiona vizuri. Tena karatasi ya mafuta hutanuka na kujikunja, kwa hiyo umbo refu hutoka limepinda kidogo. Njia ya pili hutoa mstari wenye uhai, lakini uwiano hukosewa, hasa picha ikiwa juu: ukitazama kutoka chini vichwa huonekana vidogo, na mnakili bila kujua huvikuza ili kufidia. Kosa la tatu ni baya kuliko yote, nalo ni adabu. Mnakili akikuta plasta imebanduka huona vibaya kuacha shimo, akalijaza kwa alichodhani. Ukipata nakala yoyote ya karne ya 18, tafuta kwanza nyufa na mapengo. Kama ukuta wenye miaka 450 umechorwa mzima bila hata ufa mmoja, ujue kuna mtu ametunga.

Mstari unapopita kwenye shaba

Michoro ya aina hii ilichapwa kwa mistari mitupu, bila vivuli, mtindo uliopendwa sana Roma wakati huo baada ya picha za Mwingereza John Flaxman za mwaka 1793. Njia yake ni bamba la shaba linaloliwa na tindikali. Inafaa kuieleza kwa urefu, maana mtu aliyezoea kazi hii hufikiri kwa mistari hata akiwa ameketi na karatasi tupu.

Bamba la shaba huwa na unene wa milimita 1 hadi 2. Kingo zake hupigwa tupa zikae mshazari, la sivyo zitakata karatasi kwenye mashine. Uso husuguliwa kwa chokaa laini na maji mpaka maji yatandae sawasawa. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta. Kisha bamba hupashwa moto na kupakwa utando mwembamba wa nta ya nyuki, lami na ulimbo, hufukizwa kwa moshi wa mshumaa ili uwe mweusi, na mstari uonekane ukikwaruzwa. Mchoraji hukwaruza kwa sindano, bila nguvu. Kazi ya sindano ni kufunua shaba tu. Kuchimba ni kazi ya tindikali.

Tindikali ya zamani ni ya nitriki. Kwa mistari myembamba, sehemu moja ya tindikali kwa sehemu nane hadi kumi za maji inatosha, na kila mara tindikali ndiyo inayomiminwa ndani ya maji. Ukifanya kinyume hurusha matone ya moto usoni. Bamba likishazama, mapovu huanza kupanga safu juu ya kila mstari. Hayo huondolewa kwa unyoya wa ndege, polepole. Ukiyaacha, povu huzuia tindikali hapo lilipokaa na mstari hutoka na vidoa kama uzi uliotafunwa. Ukipitiliza muda, tindikali hula upande kwa upande chini ya utando, mistari miwili iliyokaribiana huungana ikawa shimo moja pana, na shimo pana halishiki wino: katikati hutoka jeupe, kingoni jeusi. Uso ukiwa na mafuta tangu mwanzo, utando hubanduka vipande vipande na bamba huota chunusi ambazo hakuna aliyezichora. Leo wengi hutumia kloridi ya feri badala ya nitriki. Hiyo haitoi mapovu, lakini huacha matope ndani ya mstari, ndiyo maana bamba hulazwa kifudifudi.

Ili mistari itofautiane unene, bamba hutolewa, mistari inayotakiwa kubaki myembamba hufunikwa kwa vanishi, kisha hurudishwa. Katika picha ya mstari mtupu hapa ndipo fundi huonyesha akili yake, kwa kuwa hana kivuli cha kumsaidia: ukingo wa nguo ulio mbele huliwa zaidi, wa nyuma huliwa kidogo. Mwishowe bamba husafishwa, hupakwa wino, hufutwa kwa kitambaa cha wavu na kiganja, hufunikwa kwa karatasi yenye unyevu na mablanketi ya sufi, na kupitishwa kati ya rola mbili za mashine. Karatasi ikiwa kavu haitazama kwenye mistari, na picha itatoka na mapengo.

Na hutoka imegeuka. Kushoto ni kulia. Mtu anayenakili ukuta kwa ajili ya bamba lazima akumbuke hilo daima: asipougeuza mchoro wake kwanza, malaika aliyekuwa akibariki kwa mkono wa kulia atabariki kwa wa kushoto. Maandishi husomeka nyuma mbele. Sura ya upande hutazama kwingine.

Sasa rudi kwenye mayai matatu. Yageuze kushoto kulia namna yoyote upendayo. Hakuna kinachobadilika. Uso unaotazama mbele, uliopasuliwa na mstari wa wima katikati, ndio mchoro pekee wa binadamu ambao mashine ya kuchapa haiwezi kuuharibu kwa kuugeuza. Lakini upindue juu chini, na yule mwenye bashasha anakuwa amenuna papo hapo. Kwa hiyo pande mbili za uso hazina maana tofauti, ila juu na chini zinayo. Si lazima kusema Humbert aliigundua nadharia yake mbele ya mashine. Inatosha kuona kwamba mtu wa kazi yake alikuwa amekaa karibu nayo sana.

Anachosema kitabu

Humbert anaanza na mwili. Binadamu husimama wima, na msimamo huo ndio mhimili wa kila kitu. Kutokana na mhimili kuna mielekeo mitatu tu ambayo mstari unaweza kuifuata kwa pande zote mbili kwa usawa. Ukitoka kwenye mhimili ukipanda, ni mpanuko, umbo la herufi V. Ukilala, ni mlalo. Ukitoka ukishuka, anauita wa mkusanyo, na jina hilo huwapoteza wasomaji wengi, kwa kuwa huutafuta mkusanyo chini. Mistari hiyo hukutania juu, kwenye mhimili, kama paa la nyumba. Ukichora picha ya V ukaiita mkusanyo, umeipindua nadharia nzima.

Alama hizi haziigi kitu. Hapo ndipo lilipo neno "zisizo na masharti". Herufi ina sharti: lazima ujifunze kwamba A ni A. Msalaba, mizani, upanga mkononi mwa mfalme, vyote vina masharti ya dini, desturi na historia. Vistari vitatu vya Humbert, kwa madai yake, havihitaji kufundishwa, na hufanya kazi kabla hujajua kinachochorwa. Ndiyo maana havimo usoni tu. Anavitafuta katika miti, katika majengo, katika sanamu za Misri zilizokaa zikitazama mbele, hata katika sanamu za Kisiwa cha Pasaka ambazo wasomi wa Ulaya wa wakati wake walizitazama kama kioja tu. Kinachofanya kaburi litulize au lilemee, kwake, si nakshi za ukutani; ni mielekeo mikubwa ya mistari yake.

Tofauti na waliomtangulia ni kubwa. Charles Le Brun, mchoraji wa mfalme wa Ufaransa, alitoa mhadhara mwaka 1668 uliopanga hisia moja moja: hofu nyusi hivi, mshangao nyusi vile, wivu vile. Ulikuwa msamiati wa kukariri, na wanafunzi waliukariri mpaka nyuso zote za karne ya 18 zikafanana na za waigizaji jukwaani. Mholanzi Petrus Camper, daktari aliyefariki mwaka Humbert alipoondoka kwenda Italia, alipima uso wa upande kwa pembe, na pembe yake hiyo baadaye ikatumiwa vibaya na waliotaka kupanga binadamu kwa madaraja. Humbert aliutazama uso kutoka mbele, akaondoa kila kitu kinachomtofautisha mtu na mtu, akabakiza vistari.

Juu ya mistari aliweka rangi tatu. Mpanuko ni nyekundu: mwendo, msisimko, shauku. Mlalo ni nyeupe: utulivu na usawa. Mkusanyo ni nyeusi: kujikusanya ndani, uzito, huzuni. Zingatia kwamba nyeupe iko katikati. Jambo hilo dogo ndilo litakalotufaa tukifika Paris.

Kujaribu mezani

Nadharia hii ina sifa ya kujaribiwa kwa karatasi moja ya A4, na inafaa kufanya hivyo kabla ya kuibishia. Chora mayai matatu, kila moja upana wa milimita 60 na urefu wa 80. Mhimili katikati. Macho yawe kwenye nusu ya urefu, kila kistari milimita 15, kikianza milimita 6 kutoka kwenye mhimili. Kitako cha pua kiwe vistari viwili vya milimita 6, mdomo viwili vya milimita 12 vinavyokutana kwenye mhimili. Tumia mshazari wa digrii 20, ule ule kwa vistari vyote vya uso mmoja.

Makosa yanayotokea ni haya. Wengi hupinda mdomo kuwa tao, kwa mazoea ya vikaragosi vya simu. Tao lina nguvu kuliko mstari, litaumeza uso mzima, na utakuwa umejaribu kitu kingine. Ukizidisha mshazari kupita digrii 40 hivi, uso unaacha kuwa uso, unakuwa mishale. Ukitofautisha pande mbili hata kwa digrii chache unapata kejeli, au mtu aliyepooza upande. Na usibadilishe umbo la yai: yai lililochongoka chini hufanya hata mlalo uonekane na majonzi.

Baada ya hapo fanya uso wa nne, ambao haumo katika zile tatu. Weka macho au nyusi za mpanuko, V, na mdomo wa mkusanyo. Umepata hasira, tena hasira safi isiyo na shaka. Badilisha: nyusi za mkusanyo, mdomo wa mpanuko, na utapata tabasamu la mtu anayeomba radhi.

Hapa ndipo usemi wa "kupanda ni furaha" unapovunjika. Nyusi za mwenye hasira hushuka kuelekea puani, kwa hiyo ncha zake za nje ziko juu. Kwa lugha ya Humbert huo ni mpanuko, na hasira si furaha. Nyusi za mwenye huzuni huinuka karibu na pua na kushuka nje. Huo ni mkusanyo. Ukilishika neno lake mwenyewe, msisimko unaotoka nje, fumbo linapungua: hasira na shangwe zote zinatoka nje, na zote amezipa nyekundu. Mdomo ndio unaosema ni ipi. Kiswahili kina tatizo hili hili kwenye mkunjo: mwenye bashasha ana uso mkunjufu, lakini amekunja uso mwenye hasira na mwenye uchungu kwa pamoja, ingawa nyusi zao zimeelekea kinyume.

Blanc na Seurat

Charles Blanc alikutana na kitabu cha Leiden na akakipenda. Katika kitabu chake kikubwa cha kanuni za sanaa za kuchora, kilichotoka mwaka 1867, alizichapa nyuso tatu, akamtaja mwenye nazo, na akazifanya somo fupi la darasani. Kwa Blanc, mistari inayopanda ikawa ya uchangamfu, inayolala ya utulivu, inayoshuka ya huzuni. Ni rahisi kukumbuka. Kilichoachwa njiani ni mhimili, yaani ile hoja ya binadamu aliyesimama, na pia sehemu kubwa ya fikra za Humbert juu ya asili ya dunia na dini za kale. Kwa hilo la pili Blanc anaweza kusamehewa. Kurasa hizo ni nzito na nyingine zimepotoka kabisa. Kuuacha mhimili lakini kulikuwa hasara, kwa sababu bila mhimili mtu huanza kusema mstari wowote unaopanda kulia ni wa furaha, jambo ambalo Humbert hakulisema popote. Yake yalikuwa majozi, kushoto na kulia kwa pamoja.

Kitabu cha Blanc kilisomwa na kila mwanafunzi wa sanaa Paris, akiwemo Seurat. Tarehe 28 Agosti 1890 Seurat alimwandikia mwandishi Maurice Beaubourg barua inayopanga mambo kwa safu. Furaha ya mwangaza ni kutawala kwa nuru. Ya rangi, kutawala kwa rangi za moto. Ya mstari, mistari iliyo juu ya mlalo. Utulivu ni usawa wa nuru na giza, usawa wa moto na baridi, na mlalo. Huzuni ni giza, baridi, na mistari inayoelekea chini.

Iweke barua hiyo kando ya rangi tatu za Humbert uone kilichohama. Nyeupe ilikuwa katikati, kwenye utulivu. Kwa Seurat nuru imekwenda kwenye furaha, na katikati imekaa hali ya usawa isiyo na rangi yake. Nyekundu haisimami peke yake tena, imekuwa kundi zima la rangi za moto. Nyeusi imegawanyika kuwa giza na baridi, vitu viwili ambavyo Humbert hakuvitenganisha. Kwa hiyo mtu akitazama picha ya Seurat yenye weupe mwingi akaieleza kuwa "tulivu kwa mujibu wa Humbert," amekosea mwalimu.

Picha ya kujifunzia ni *Le Chahut* ya 1889 na 1890, ya wachezaji wa jukwaani. Miguu imerushwa juu sambamba, sharubu za mwanamume zimepinda juu, pembe za macho na midomo zimepanda, shingo ya zeze kubwa la mpiga muziki imeelekezwa juu, hata mafundo ya viatu. Ni mpanuko kila pembe, kiasi cha kuchosha. Lakini ukiitazama kwa jicho la Humbert kuna walakini: miguu yote imerushwa upande mmoja. Si jozi zinazofunguka kutoka kwenye mhimili. Nyuso zinamtii Humbert, miguu inamtii Blanc.

Rangi tatu na msomaji wa Kiswahili

Sehemu ya rangi ndiyo dhaifu zaidi katika nadharia yote, na msomaji wa Kiswahili ana ushahidi mzuri mkononi, wa kutetea na wa kushtaki. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyofuata ngeli: -eupe, -eusi, -ekundu. Kijani, buluu, manjano na kahawia huomba msaada wa "rangi ya". Ndizo zile zile tatu za Humbert, na si sadfa ya lugha moja: mwaka 1969 watafiti Brent Berlin na Paul Kay walionyesha kwamba lugha zenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hizo. Kanga ya kisutu, nguo ya bibi harusi wa pwani, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Vitambaa vya mganga, vivyo hivyo. Humbert hakujua lolote kati ya haya, lakini alichagua sawa: rangi hizi zinasimama mbele ya nyingine.

Maana zake ndizo zinazokataa kusimama mahali pamoja. Nyeupe ya sanda si ya usawa wa katikati, ni ya mwisho. Nyeusi ya buibui haina huzuni. Na ndani ya kisutu nyeusi iko arusini pamoja na nyekundu, haijikusanyi popote. Uteuzi wa rangi basi unaweza kuwa hauna sharti. Tafsiri yake ina masharti tele, na ndiyo tafsiri aliyoitaka. Mistari ina bahati nzuri zaidi kwa kuwa ina misuli nyuma yake: kuna msuli unaovuta pembe za mdomo juu na mwingine unaozivuta chini, na msuli wa paji unaoinua ncha za ndani za nyusi. Hakuna msuli wa rangi, ukiacha damu kupanda usoni, na hiyo huonekana kwa ngozi fulani kuliko nyingine.

Kumtafuta

Michoro yake mingi iko Leiden, katika mikusanyo ya chuo kikuu ile ile aliyoiongoza, na mingine Rijksmuseum, Amsterdam. Katika orodha mtafute chini ya H kwanza, kisha S, kwa sababu wengine humwandika kama de Superville. Wengine huweka Giottino katikati, wengine huliacha, na majina ya kwanza huandikwa pia Kiholanzi. Ukikutana na picha iliyochapwa yenye jina lake, soma kifupisho kilicho chini ya ukingo. *Del.* maana yake ni yeye aliyechora, *sc.* ni aliyechonga bamba. Katika picha za Ottley wapo waliochonga shaba kutokana na michoro yake, na mstari unaousifu hapo huenda nusu yake ni wa fundi mwingine. Mchoro wenyewe wa kalamu na wino, ukiupata, utazame macho kwanza: pima kistari cha kushoto na cha kulia kutoka kwenye mhimili uone kama vimeelekea sawa.